Majirani Wasiokuwemo Kwenye Modeli

Bodi ya saketi ilikuwa juu ya meza ya maabara, feni yake ikivuma, na kaunta ya makosa ya chaneli ya tatu ilikuwa ikipanda bila haraka, kosa moja, mawili, kisha kumi kwa mkupuo. Kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, mchoro wa jicho wa chaneli hiyohiyo, ambao huzilaza biti nyingi moja juu ya nyingine ili uwazi wa katikati uonyeshe ishara ilivyo safi, ulikuwa umefunguka vizuri kabisa. Nilikwisha kubadili mpangilio wa ikwalaiza, saketi inayorekebisha ishara iliyodhoofika njiani, mara nyingi kiasi cha kusahau nilianzia wapi. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, nilizima transmita za chaneli zote za jirani nikaiacha hiyo moja peke yake, na kaunta ikasimama palepale. Nikawasha majirani mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwa wa pili, makosa yakarudi.

Bodi haikuwa na kosa lolote ambalo mchoro wake haukuwa nalo. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye modeli ya kompyuta niliyoijenga miezi kadhaa kabla bodi yenyewe haijapelekwa kiwandani. Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja ambalo vitabu vya fani yetu hulipitia juu juu: modeli ya mwingiliano wa ishara, yaani ishara ya chaneli moja kumwagikia chaneli ya jirani, huharibikia kwenye orodha ya majirani mara nyingi zaidi kuliko inavyoharibikia kwenye hesabu za umeme na sumaku. Programu za leo hukokotoa uga wa sumaku kwa usahihi wa kupendeza. Lakini hazikuulizi ni nani umemsahau.

Waliokulia kwenye nyumba zenye simu ya mezani hawahitaji maelezo marefu ya jambo lenyewe. Unanyanyua mkono wa simu, na nyuma ya sauti ya shangazi yako unawasikia watu wawili usiowajua wakibishana kuhusu bei ya mabati. Tulisema laini zimeingiliana, tukapaza sauti, mazungumzo yakaendelea. Alexander Graham Bell mwenyewe alilishughulikia tatizo hilo mapema, akapata hataza ya Marekani mwaka 1881 kwa wazo la kusokota pamoja waya wa kwenda na waya wa kurudi, ili kinachoingia kwenye msokoto mmoja kifutwe na kinachoingia kwenye msokoto unaofuata. Kwenye bodi ya saketi njia za shaba zimelala bapa na hazisokoteki. Tena hakuna nafasi ya kupaza sauti: katika kiwango cha IEEE 802.3bj cha mwaka 2014, kinachopitisha gigabiti 100 kwa sekunde kwenye jozi nne za shaba kwa kila mwelekeo, kila jozi hubeba biti bilioni 25.78125 kwa sekunde, na biti moja hudumu takriban pikosekunde 38.8 tu. Bodi yangu ilikuwa ya kiwango hicho.

Jozi inayomwaga ishara yake nje nitaiita mchokozi, na ile inayomwagikiwa nitaiita mchokozwa, maneno ambayo kwa maoni yangu yanaikaa maana vizuri kuliko istilahi nyingi tulizonazo. Mwingiliano kati yao hupita kwa njia mbili. Ya kwanza ni uga wa umeme, kana kwamba kuna kapasita ndogo imewekwa kati ya jozi hizo. Ya pili ni uga wa sumaku, kana kwamba jozi hizo ni koili mbili za transfoma dhaifu. Kwenye ncha ya karibu, yaani upande uleule iliko transmita ya mchokozi, michango ya njia hizo mbili hujumlishana, na kwenye ncha ya mbali hupunguzana. Ndiyo maana njia za shaba zilizofukiwa kati ya tabaka mbili za ethi, zikiwa zimezungukwa na kihami cha aina moja pande zote, huwa na mwingiliano mdogo mno kwenye ncha ya mbali, ilhali njia za juu ya bodi, zenye kihami chini na hewa juu, hazisalimiki, kwa kuwa mchango wa sumaku huuzidi ule wa umeme. Ukimrushia mchokozi wa juu ya bodi ukingo mmoja wa volteji inayopanda na kumtazama jirani yake kwenye skrini, utaona maumbo mawili yasiyofanana hata kidogo: ncha ya karibu hutoa kilima kifupi lakini kipana, kinachodumu mara mbili ya muda wa ishara kuvuka sehemu hiyo ya njia, na ncha ya mbali hutoa mwiba mwembamba unaoelekea chini, ambao hurefuka kadiri njia hizo zinavyozidi kwenda sambamba.

Hata hivyo, kwenye bodi ya kasi hii sehemu ndefu ya njia mara nyingi si mahali pa kuogopa zaidi, kwa sababu mchoraji mzuri ataziweka jozi mbalimbali na kuzifukia. Panapotisha ni pale ambapo hana uhuru: chini ya chipu, ambako mamia ya pini yamebanana, na kwenye kiunganishi, ambako ishara hushuka kupitia vitobo vilivyopakwa shaba, vikiwa vimesimama kama nguzo za baraza, na ethi ya kuzitenganisha ni nguzo chache tu zilizochomekwa katikati. Hapo nadharia ya njia mbili sambamba haitoshi, na ndiyo sababu tunamwomba mtengenezaji wa kiunganishi atupatie faili la vigezo vya S, linaloeleza kwa kila masafa ni kiasi gani cha ishara inayoingia poti moja hutokea kwenye poti nyingine yoyote.

Faili langu lilikuwa na poti 16. Hesabu yake ni rahisi: jozi nne, kila jozi nyaya mbili, kila waya ncha mbili. Nililifungua, nikasoma maelezo ya mpangilio wa poti yaliyoandikwa kwenye mistari ya mwanzo, nikachora upotevu wa kila jozi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na michoro yote minne ikawa laini na ya kuridhisha. Ukikosea poti za jozi yenyewe unajua papo hapo, kwa kuwa badala ya upotevu wa desibeli moja au mbili (desibeli ni kipimo cha kulinganisha ukubwa wa ishara mbili) unaona bonde la desibeli 40. Kwa majirani hakuna kengele ya namna hiyo. Niliziunganisha transmita zote nne upande wa kushoto na vipokezi vyote vinne upande wa kulia, kama picha ya kitabuni inavyoonyesha, ilhali kwenye bodi halisi jozi mbili kati ya hizo zilikuwa zinakwenda na mbili zinarudi. Kwa maneno mengine, jirani niliyemwandika kama mchokozi wa ncha ya mbali alikuwa mchokozi wa ncha ya karibu, amekaa kando ya kipokezi cha mwenzake.

Ukubwa wa kosa hilo hauonekani mpaka mtu aandike namba. Chukua transmita zenye milivolti 1000, chaneli yenye upotevu wa desibeli 25 kwenye nusu ya kasi ya biti, yaani karibu gigahezi 12.9, na kiunganishi chenye mwingiliano wa desibeli 40 chini ya ishara iliyouzaa. Ishara ya mchokozwa hufika kwenye kipokezi ikiwa na milivolti 56 hivi. Mchokozi akiwa wa ncha ya mbali, naye amekwisha kuchoshwa na safari ileile, hivyo kinachofika kutoka kwake ni desibeli 65 chini, kama milivolti 0.56, ambayo hakuna wa kuihangaikia. Akiwa wa ncha ya karibu, transmita yake ipo hapohapo, haijapoteza chochote, na inamwaga milivolti 10 zilizo kamili kwenye sikio linalojaribu kusikia 56. Kiunganishi ni kilekile, faili ni lilelile, na tofauti ya mara 18 imetokana na mshale niliouchora kwa kuelekea upande usio wake.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kufungua programu yoyote, ninaandika majina. Ninachukua mpangilio wa pini wa kiunganishi na wa chipu, ninaweka kidole kwenye jozi ya mchokozwa, na ninaorodhesha kila jozi inayoigusa: wa kushoto, wa kulia, wa juu, wa chini, na wale wa pembeni ambao watu huwasahau kwa kuwa hawakai mstari mmoja naye. Mbele ya kila jina ninaandika anaelekea wapi. Kazi hii inachosha na haina heshima yoyote ya kihandisi. Karani makini angeifanya vizuri kuliko mimi. Lakini majirani hawaji mmojammoja. Watatu wenye desibeli 40 kila mmoja, wakijumlishwa kwa nguvu, wanafikia desibeli 35.2 chini ya ishara yao, na siku ambayo vilele vyao vyote vitakutana kwa wakati mmoja watafikia 30.5.

Ukishajua ni nani na anaelekea wapi, linabaki swali la sauti yake. Ni kishawishi kikubwa kumpa mchokozi volteji ileile na ikwalaiza ileile uliyompa mchokozwa, kwa kuwa ndivyo programu inavyojaza nafasi zilizo wazi. Jirani lakini ana safari yake. Huenda kipokezi chake kiko sentimita chache tu mbele, hivyo transmita yake haikuambiwa ipunguze chochote na inapiga kelele kwa volteji kamili. Walioandika 802.3bj walilifikiria hilo: katika hesabu yao ya ukingo wa uendeshaji wa chaneli, ambayo wahandisi huiita COM, transmita ya mchokozwa hupewa volti 0.4 na transmita ya jirani wa ncha ya karibu hupewa 0.6, yaani mchokozwa anachukuliwa kuwa mnyonge na jirani kuwa mwenye mapafu. Chaneli hupita ikiwa matokeo ni desibeli 3 au zaidi, maana yake kimo cha ishara ni angalau mara 1.41 ya kimo cha kelele zote kwa pamoja, ukiwemo mwingiliano.

COM haikuwa kipimo cha kwanza. Kiwango cha 10GBASE-KR cha mwaka 2007 kilitazama tofauti kati ya upotevu na mwingiliano kwenye kila masafa, na mwaka 2010 kikaja kipimo cha kelele ya mwingiliano iliyojumlishwa kwenye masafa yote na kutolewa kama namba moja ya milivolti. Vyote viwili vilikuwa na kasoro moja niliyoiona kwa macho yangu: haviijui ikwalaiza ya kipokezi. Ikwalaiza hiyo huinua masafa ya juu ili kurudisha kile ambacho shaba imekula, na mwingiliano, ambao kwa kawaida hukua kadiri masafa yanavyopanda, huinuliwa nao bure. Nilipokuwa nahangaika na kaunta ile ya makosa, kila nilipoongeza nguvu ya ikwalaiza jicho kwenye kompyuta lilifunguka zaidi na makosa kwenye meza yaliongezeka. Ningekuwa makini, dalili hiyo peke yake ingenitosha.

Jinsi majirani wanavyoingizwa kwenye programu ya uigaji ni jambo ninalopenda kuwaonyesha vijana wapya, kwa sababu mtindo unaotumika tangu mwaka 2008, ule wa IBIS-AMI wa kuandikia modeli za transmita na vipokezi, umeliandika wazi kabisa. Kitendaji cha AMI_Init hupokea jedwali la mwitikio wa chaneli lenye safu wima kadhaa: ya kwanza ni ya mchokozwa mwenyewe, na zinazofuata ni za wachokozi, kila mmoja na yake. Kando ya jedwali kuna namba nzima inayosema wachokozi ni wangapi. Ukiandika sifuri, hesabu itakwenda kwa kasi, haitatoa onyo lolote, na itakuletea jicho zuri. Nimeona ripoti za kurasa 40 zilizojengwa juu ya sifuri hiyo.

Kutoka hapo ndipo takwimu zinapoingia, na hapa wahandisi wazoefu hutofautiana. Njia nyepesi ni kuuchukulia mwingiliano kama kelele ya Gauss, yenye mgawanyo wa umbo la kengele: unakokotoa sigma yake, yaani kipimo cha mtawanyiko, unaizidisha kwa 7.03 ukitaka kosa moja katika biti trilioni moja, basi. Tuseme mchokozi mmoja ana mwitikio wenye sampuli tatu tu za maana, za milivolti 4, 2 na 1. Biti zake zikiwa za nasibu, sigma ni kipeuo cha pili cha 21, karibu milivolti 4.58, na kanuni ya Gauss itakuambia ujihadhari na milivolti 32. Lakini mchokozi huyo, hata akijaliwa bahati mbaya kiasi gani, hawezi kutoa zaidi ya 4 na 2 na 1, yaani milivolti 7. Tumemwogopa mara nne na zaidi ya uwezo wake, na huenda tumelipia bodi ya bei ghali kwa ajili ya kivuli.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili na kujumlisha vilele vyote bila kuuliza hutokea mara ngapi. Wachokozi wanane wa namna hiyo wanatoa kilele cha milivolti 56. Je, kilele hicho ni cha kinadharia tu? Kila mchokozi anahitaji biti tatu zikae kwa mpangilio mmoja, uwezekano wa moja kati ya nane, hivyo wote wanane kwa pamoja ni nusu iliyozidishwa yenyewe mara 24, au takriban mara 6 katika biti milioni 100. Namba hiyo inasikika ndogo mpaka ukumbuke kwamba chaneli inapitisha biti bilioni 25.78 kila sekunde: tukio hilo la kinadharia litatokea zaidi ya mara 1,500 kwa sekunde. Mwenye lengo la kosa moja katika biti trilioni hana budi kukihesabu kilele chote. Ambaye chaneli yake ina msimbo wa kusahihisha makosa, na lengo lake kabla ya kusahihisha ni kosa moja katika biti laki moja, anaweza kukiachia msimbo huo. Njia ya haki kwa wote wawili ni kujenga mgawanyo halisi wa kila mchokozi, sampuli kwa sampuli, kisha kuikunja migawanyo yote pamoja kwa konvolusheni, kazi ambayo kompyuta ya mezani huimaliza kabla chai haijapoa.

Hesabu hiyo inadhani kwamba wachokozi wote wanamfikia mchokozwa kwa mpangilio uleule wa wakati, na ukweli si lazima uwe hivyo. Wachokozi wanaotumia saa moja na mchokozwa wana mkao wa kudumu kwake, na mkao huo ukiwa mbaya utabaki mbaya kila biti. Wale wenye saa tofauti huteleza polepole na kupitia mikao yote. COM huchagua mkao wenye mtawanyiko mkubwa zaidi kwa kila mchokozi, na mimi hufuata desturi hiyo hata pale ambapo si lazima, kwani sijawahi kumkuta mteja anayeweza kuniapia saa zake zitakavyokaa.

Nimesema hesabu za uga ni sahihi, lakini kuna mlango mmoja wa nyuma ambao usahihi huo hupotelea. Vigezo vya S viko kwenye masafa, uigaji uko kwenye muda, na kati yao programu nyingi hukadiria data kwa kutafuta mlinganyo unaoikaribia. Mlinganyo huo hupewa kiwango cha kosa linaloruhusiwa, na mara nyingi kiwango hicho ni kimoja kwa jedwali zima. Kosa la 0.01 kwenye jozi inayopitisha 0.8 halionekani hata ukikodoa macho. Lakini 0.01 ni desibeli 40 chini, yaani ukubwa uleule wa mwingiliano tunaoutafuta. Programu inaweza kukuambia kwamba ukadiriaji umefaulu huku kila mchokozi kwenye jedwali akiwa amebuniwa upya, mwingine akiwa amefutwa kabisa. Mimi huchora mistari ya mwingiliano peke yake, ya asili na ya kukadiriwa, moja juu ya nyingine, na sichori ile ya jozi zenyewe kwenye karatasi hiyohiyo, maana inaiba macho. Hatua ya masafa nayo ina lake: ukipima kila megahezi 50, muda wote ulio nao ni nanosekunde 20, na mwangwi wowote unaochelewa zaidi ya hapo utajikunja na kuonekana mwanzoni, ukijifanya umefika kabla ya ishara iliyouzaa.

Nilipoigeuza ile mishale miwili na kuendesha upya modeli, COM ya chaneli ya tatu ilishuka chini ya 3, na jirani wa pili ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya lawama, kama meza ilivyokwisha kusema. Mchoro ulibadilishwa: jozi zinazokwenda zikakusanywa upande mmoja wa kiunganishi, zinazorudi upande wa pili, na safu moja ya pini za ethi ikawekwa katikati. Tulipoteza jozi mbili za akiba, na aliyekuwa akizitegemea hakufurahi.

Bodi ya pili iliporudi, kijana ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa Kisumu, ndiye aliyeiwasha. Kaunta ilisoma sifuri kwa dakika 20 nzima, akaniita kutoka upande wa pili wa maabara: "Mzee, kuja uone hii." Nikaenda, nikaitazama ile sifuri, nikamuuliza kama majirani wamewashwa. Alinyamaza kidogo, akavuta kibodi, akawawasha wote. Tuliisubiri sifuri ile mpaka tukachoka kusimama, na ilikuwa bado ipo tulipotoka kwenda kula.